Kiti cha Kijiji na Kiti cha Chama

(Mazungumzo ya elimu ya uraia, kama yalivyosomwa redioni)

  

Leo tutazungumza juu ya chama cha siasa. Tutatazama kimejengwa namna gani, nani anachagua viongozi wake, na amri inashuka kwa njia gani toka juu mpaka kijijini. Najua wengine watasema: "Sisi tumeacha mashamba yetu, tunalala chini ya hema, watoto hawasomi. Habari ya chama inatuhusu nini?" Ndugu zangu, inawahusu kuliko mnavyofikiri. Watu wanapokusanyika wengi mahali pamoja, ndipo wanasiasa wanapokuja kutafuta wanachama. Na watu wanapokuwa na njaa, kadi ya chama inaweza kugeuzwa kuwa ufunguo wa chakula, hata kama hakuna sheria iliyosema hivyo.

Neno langu la leo ni moja, nalo nitalisema mwanzoni ili lisipotee njiani: kiti cha kiongozi wa watu wote na kiti cha kiongozi wa chama visikaliwe na mtu mmoja. Nchi yetu ilikwisha kujaribu kuviunganisha viti hivyo. Tuone ilikuwaje.

Chama kilichomeza nchi

Wazee mnaonisikiliza mnaijua MPR kuliko mimi. Wakati wa siku zake za mwisho mimi nilikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Niliyo nayo nimeyapata katika sheria za wakati ule, nilizozisoma chuo kikuu, na katika masimulizi yenu ninyi wazee.

MPR ilianza mwaka 1967, kwa tangazo lililotolewa N'Sele, karibu na Kinshasa, tarehe 20 Mei. Katiba ya mwaka ule ule iliruhusu vyama visivyozidi viwili. Lakini chama cha pili hakikupata nafasi ya kuota, na mwezi wa Desemba 1970 katiba ilibadilishwa ili MPR iwe chama pekee. Mwaka 1974 ikabadilishwa tena: MPR ikawa ndiyo taasisi ya pekee ya nchi, na ikaandikwa kwamba chama hicho ni taifa lenyewe lililopangwa kisiasa. Maana yake, kila mtoto aliyezaliwa Zaire alikuwa mwanachama tangu siku ya kuzaliwa. Hakuombwa, wala hakuwa na njia ya kukataa.

Sasa sikilizeni vizuri ujenzi wake. Juu kabisa alikaa Rais-Mwanzilishi. Chini yake kulikuwa na mkutano mkuu, na ofisi ya siasa. Baraza la kutunga sheria, ndilo bunge, lilihesabiwa kuwa kiungo cha chama. Baraza la mawaziri lilikuwa kiungo cha chama. Mahakama nazo ziliwekwa katika kiungo cha chama. Mtu aliyekuwa mkubwa wa chama alikuwa, kwa sheria yenyewe, mkubwa wa nchi. Mwaka 1980 ikaongezwa kamati kuu. Viungo viliongezeka, lakini kichwa kilibaki kile kile. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1970, wa 1977 na wa 1984, mgombea alikuwa mmoja tu.

Hayo yalikuwa ya Kinshasa. Lakini jambo linalotuhusu sisi hasa ni lile lililotendeka chini. Gavana wa jimbo alikuwa pia mkubwa wa MPR wa jimbo. Mkubwa wa zoni, ambayo leo tunaiita teritwari, alikuwa mkubwa wa MPR wa zoni. Mkuu wa kolektivite, hata akiwa mwami au sultani aliyerithi kiti cha baba zake, alikuwa mkubwa wa MPR wa kolektivite yake. Chuo kikuu kilikuwa na tawi, kiwanda kilikuwa na tawi, na jeshi nalo likahesabiwa kuwa ndani ya chama. Vijana walikuwa na JMPR.

Kwa hiyo, baba akigombania mpaka wa shamba na jirani yake, alikwenda kwa mkuu. Na mkuu huyo ndiye mkubwa wa chama. Mama akitaka kulalamika kwamba wakubwa wa chama wanatesa watu wakati wa salongo, alikwenda kwa nani? Alikwenda kwa mkubwa wa chama yule yule. Mlango ulikuwa mmoja. Ukifungwa, umefungwa.

Ni nini kilichoharibika

Kuna watu wanaosema: "Wakati wa chama kimoja kulikuwa na utaratibu, na watu walitembea toka Goma mpaka Kinshasa bila kuulizwa kabila." Sitaki kuwabishia wazee juu ya mambo waliyoyaishi. Nataka tu tuone gharama yake.

Gharama ya kwanza ni kwamba mkuu alipoteza mizizi. Mkuu wa kwetu hapewi heshima kwa sababu ya karatasi ya serikali peke yake. Anapewa kwa sababu ni baba wa wote: wa anayempenda na wa anayemnung'unikia. Alipolazimishwa kukusanya michango ya chama na kuwatoa watu wakacheze na kuimba wageni wanapofika, alianza kuonekana kama mtumishi wa watu wa mbali. Katika mabadiliko yaliyoanza mwaka 1973 serikali ilijaribu hata kuwahamisha wakuu wa kimila wakatawale mbali na kwao, kama makarani. Jambo hilo lilipingwa, likaachwa. Lakini jeraha lilibaki.

Gharama ya pili ilionekana siku chama kilipoanguka. Tarehe 24 Aprili 1990 Rais Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Kwa kuwa chama na utawala vilikuwa vimeshonwa pamoja kama nguo na bitana, kukipasua chama kulipasua na utawala. Katika sehemu nyingi watu waliacha kumsikiliza mkuu wakati ule ule ambapo walihitaji mtu wa kuwasuluhisha.

Na gharama ya tatu ndiyo iliyoumiza zaidi. Vyama vilifunguliwa kwa mamia. Kulikuwa na vilivyokwisha kusimama kabla ya hapo, kama UDPS, iliyoundwa kwa siri mwaka 1982 baada ya wabunge 13 kumwandikia Rais barua ya wazi mwaka 1980. Lakini vingi vilikuwa na mkubwa bila wanachama. Mkubwa asiye na wanachama atawatafuta wapi? Mara nyingi alirudi katika kabila lake, akasema: "Mimi ni wenu, wale wengine ni adui."

Ukumbusho mmoja wa jambo hilo uko Katanga, iliyoitwa Shaba wakati ule. Chama cha UFERI kilikuwa na umoja wa vijana, JUFERI. Mwezi wa Agosti 1992, mkutano mkuu wa taifa uliokuwa ukifanyika Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu. Baada ya hapo, katika mwaka ule na uliofuata, vijana hao walikuwa mstari wa mbele katika kuwafukuza watu wenye asili ya Kasai. Watu waliozaliwa Likasi na Kolwezi, waliofanya kazi huko maisha yao yote, walilala katika vituo vya gari la moshi wakingoja kupelekwa nchi ambayo wengine wao hawakuwahi kuiona. Kati yao wako waliokufa njiani, watoto zaidi. Wanaonisikiliza toka kambini hawahitaji kuelezwa hali ile ilivyo.

Angalieni, ndugu zangu: umoja wa vijana ni sehemu ya kawaida ya chama. Karibu kila chama kinao. Chama kinaweza kuwatumia vijana kufundisha watu kupiga kura, au kinaweza kuwapa fimbo. Ndiyo maana lazima tujue ndani ya chama nani anawaamuru vijana, na nani anajibu wanapofanya maovu.

Chama kilichojengwa vizuri kikoje

Tusiseme sasa kwamba chama ni kitu kibaya. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 6, inatambua vyama vingi na inavipa kazi: kusaidia raia kutoa sauti yao kwa kura, kukuza moyo wa utaifa, na kufundisha uraia. Kifungu cha 7 kinakataza mtu yeyote kuanzisha chama kimoja nchini. Kufanya hivyo ni uhaini mkubwa, na kosa hilo halizeeki. Sheria ya vyama ya tarehe 15 Machi 2004 inataka kila chama kiwe cha taifa zima, kisijifananishe na ukoo, kabila, jimbo, lugha au dini.

Majina ya viungo hubadilika toka chama hadi chama, lakini ujenzi unafanana. Naueleza toka chini kwenda juu, kwa sababu nyumba hujengwa toka msingi.

Chini kabisa kuna selile ya avenyu au ya kijiji. Hapo ndipo mwanachama anapojulikana kwa jina. Selile kadhaa zinafanya seksyo ya teritwari au ya mji. Seksyo zinafanya federasyo ya jimbo. Federasyo zinatuma wajumbe kwenye mkutano mkuu wa taifa, unaoitwa kongre. Kongre ndiyo yenye neno la mwisho: inachagua rais wa chama, inapitisha programu, inabadilisha kanuni. Kati ya kongre moja na nyingine kuna halmashauri inayoangalia kazi. Kuna katibu mkuu anayeendesha mambo ya kila siku. Kuna mweka hazina. Na kunapaswa kuwe na kamati ya nidhamu, ambapo mwanachama aliyeshitakiwa anasikilizwa kabla ya kufukuzwa.

Huo ndio ujenzi ulioandikwa. Lakini mara nyingi karatasi inasema hivi na mambo yanakwenda vile. Katika vyama vingi vyetu yuko mtu anayeitwa "otorite morali". Wanachama hawakumchagua, hana muda wa kumaliza, na hakuna awezaye kumwondoa. Yeye ndiye aliyekianzisha chama na ndiye anayekilisha kwa mfuko wake. Akilala, chama kimelala. Akikasirika, chama kinagawanyika. Vyama kugawanyika si jambo la jana. MNC iliundwa Oktoba 1958, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imepasuka mbili, moja ya Lumumba na moja ya Kalonji, hata kabla ya uhuru. Chama kisipokuwa na njia iliyo wazi ya kubadilisha viongozi, ugomvi wa wakubwa wawili unashuka mpaka kwenye selile, na majirani wawili waliokuwa wanaazimana chumvi wanaacha kusalimiana.

Maswali matano ya kuuliza

Basi mtu akija kambini kwako na kadi mkononi, usimfukuze, wala usimkimbilie. Mkalishe, mpe maji, halafu umuulize maswali haya matano.

Kwanza: kanuni za chama chenu ziko wapi, na nani atatusomea kwa lugha tunayoielewa? Chama kisichoonyesha kanuni zake ni kama mtu anayekuuzia shamba usiloona mipaka yake.

Pili: wewe ulichaguliwa na nani, na lini utachaguliwa tena? Akijibu kwamba aliteuliwa toka Kinshasa, si kosa, lakini ujue kwamba yeye anamjibu yule aliyemteua kabla ya kukujibu wewe.

Tatu: fedha zinatoka wapi, na mchango wangu unaandikwa wapi? Asiyetoa risiti hachangishi kwa ajili ya chama.

Nne: vijana wenu wako chini ya nani? Hapa sheria haina maneno mawili. Kifungu cha 190 cha Katiba kinakataza mtu yeyote kuunda kikosi cha kijeshi, wanamgambo wake mwenyewe, au kuweka vijana wenye silaha. Hilo nalo ni uhaini mkubwa. Na kifungu cha 188 kinasema jeshi ni la taifa zima, halina chama.

Tano: mtu wa kabila lingine, aliye hema la pili toka hapa, anaweza kuwa kiongozi katika chama chenu? Msikilize jibu lake, na utazame macho yake.

Kwa wazee wetu na viongozi wa kamati

Sasa nawageukia ninyi wenye viti. Nasema kwa heshima, kama mtoto anayezungumza mbele ya wazazi.

Katiba yenyewe imetenganisha viti. Kifungu cha 96 kinasema kazi ya Rais wa Jamhuri haipatani na wajibu wowote katika uongozi wa chama. Kifungu cha 193 kinataka utawala wa serikali usiwe na chama, usipendelee. Na kifungu cha 207 kinampa mkuu wa kimila wajibu wa kukuza umoja na mshikamano wa taifa. Kama Rais, mwenye ikulu na walinzi, anaambiwa achague kiti kimoja, je, mzee wa kijiji au mkubwa wa kamati ya kambi atawezaje kukalia viwili bila kuanguka?

Moyoni mwako una haki ya kupenda chama unachokitaka, na kura yako ni yako. Lakini fikiri: tuseme wewe ni mkubwa wa kamati ya kambi, na wewe ndiye uliyepewa kadi na muhuri wa chama fulani. Chakula kinafika. Listi inasomwa, na mama mmoja mwenye watoto sita hayumo. Labda ni kosa la karani tu. Lakini mama huyo hana kadi ya chama chako. Nani atamwambia asifikiri vibaya, akamsadiki? Jioni habari imezunguka kambi nzima. Kesho yake kuna mawe. Wewe hukuiba hata kikombe cha unga, lakini umepoteza kitu kikubwa kuliko unga: watu hawakuamini tena wote kwa pamoja. Na siku ya kurudi nyumbani, shamba likikutwa na mtu mwingine ndani yake, atakayewasuluhisha ni nani?

Kwa hiyo naomba mambo manne, ambayo kila kambi na kila kijiji kinaweza kuyapatanisha katika kikao kimoja.

La kwanza: anayepokea uongozi katika chama aache uongozi wa kamati, na ampatie mwenzake kitabu na muhuri mbele ya watu.

La pili: mikutano ya vyama isifanyike katika ofisi ya kamati, wala siku ya kugawa chakula. Kila chama kinachoheshimu sheria kipewe uwanja sawa na kingine.

La tatu: listi za msaada zisomwe kwa sauti mbele ya wote, akina mama wakiwa kati ya wanaozishika, na pasiwe na mtu wa kuuliza kadi ya chama. Kadi hiyo haikupi chakula, haikunyimi chakula, wala haikurudishi kijijini kwako kabla ya mwenzako. Anayewaambia kinyume anawadanganya.

La nne: wazazi wajue watoto wao wanaitwa na nani usiku. Kijana akipewa fulana na chama, hakuna ubaya. Akipewa fimbo au panga, mzazi na mkuu waseme siku ile ile, wasingoje kesho.

Ndugu wasikilizaji, chama kinakuja na chama kinakwenda. MPR ilisema imekuwa taifa lenyewe, na leo watoto wetu wanaisikia katika masimulizi tu. Lakini jirani yako utamkuta kisimani kesho, na kesho kutwa, na siku mtakaporudi kwenu mkajenga upya. Chagueni vyama vyenu kwa akili, mgombanishe mawazo mpaka jua lichwe. Kisha kila mmoja aweze kwenda kwa mkuu yule yule akiwa na uhakika kwamba atasikilizwa.

Kama mna maswali, yaandikeni, au mwambieni anayejua kuandika awaandikie, na myatume kwetu hapa redioni. Katika mazungumzo yajayo tutaeleza namna kura inavyohesabiwa, na kazi ya shahidi wa chama katika chumba cha kupigia kura.